Mzunguko wa mpira mweupe ndio huamua atakayelipia meza

MPIRA mweusi umetumbukia, watazamaji wameshangilia, kisha mweupe nao ukaufuata polepole hadi shimoni. Katika kumbi za puli kutoka Ukunda na Diani hadi Msambweni, kosa hilo humgeuza mshindi kuwa mshinde, akatia mkono mfukoni kulipia mchezo.

Wengi husingizia bahati mbaya. Hata hivyo, mpira mweupe hutii tu amri uliyopewa na ncha ya fimbo.

Mpira unaopigwa katikati huteleza kwanza juu ya kitambaa, kisha msuguano huulazimisha kubingirika. Ukigonga mwingine wima ungali unateleza bila kuzunguka, husimama papo hapo, kwani mipira yenye uzani sawa hupokezana mwendo. Lakini ukiwa umeanza kubingirika, mzunguko uliosalia huusukuma mbele hata baada ya kugongana. Ndiyo maana mpira mweusi ulio mdomoni mwa shimo, unaoonekana kuwa wa bure, umewaponza wengi.

Dawa ni kupiga chini ya kitovu. Mpira huenda mbele huku ukizunguka kinyumenyume, na baada ya kugongana humrudia mpigaji. Tatizo ni kwamba kitambaa huula mzunguko huo njiani. Pigo lililorudisha mpira kutoka umbali wa shibiri mbili huenda lisifue dafu likipigwa kutoka upande wa pili wa meza.

Kushuka nako kuna mpaka. Kwa mpira wa kimataifa wenye kipenyo cha milimita 57, ncha ikipita takriban milimita 14 kutoka kitovuni huteleza na pigo kuharibika. Chaki si urembo, huishikisha ncha.

Kupiga ubavuni ni hatari zaidi, ingawa ndiko vijana hupenda kujionyesha. Ukipigwa upande wa kulia, mpira mweupe hukengeuka kidogo kushoto pindi unapoondoka. Ukifika kwenye ukingo wa meza, hutoka ukivutwa kulia. Anayelenga kama aliyepiga katikati hukosa shimo, akailaumu meza.

Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis, ambaye jina lake hutajwa darasani inapoelezwa jinsi mzunguko wa dunia unavyopinda pepo kama kusi na kaskazi, alichapisha kitabu kizima cha hesabu za mchezo huu mwaka 1835.

Pwani, unyevu wa hewa nao una lake. Kitambaa kilicholowa unyevu wakati wa masika huwa kizito, na mzunguko wa kinyume hufa mapema. Isitoshe, baadhi ya meza za kutumia sarafu huwa na mpira mweupe mkubwa au mzito kuliko mingine, ili mashine iutambue na kuurudisha. Mpira wa aina hiyo hukaidi kurudi nyuma na hupenda kusonga mbele. Mchezaji mgeni mezani hufanya vyema kuujaribu kwa pigo moja la wima kabla ya kukubali dau.