Hana alikula kabla ya kujibiwa

Msibani, mfiwa akipaza sauti kumuuliza Mungu kwa nini, hakosekani mtu wa kumshika bega na kumnong'oneza: "Nyamaza mama, usikufuru. Shukuru tu." Anayesema hivyo ana nia njema, na aghalabu Biblia yake iko mkobani. Tatizo ni kwamba Biblia hiyo, ukiisoma bila kuruka kurasa, haiko upande wake.

Ayubu tunamkumbuka kwa sura ya 1, ile inayosomwa makaburini. Kitabu chake kina sura 42. Kuanzia sura ya 3 analaani siku aliyozaliwa, kisha anabishana na rafiki zake na kumdai Mungu majibu, mpaka sura ya 31. Mwishoni Mungu anawakasirikia wale rafiki waliojitia kumtetea, na kusema aliyenena sawa ni Ayubu. Hapo makaburini hatufiki.

Lakini ninayependa kufundisha habari zake zaidi ni Hana, wa mwanzo wa 1 Samweli. Huku kwetu husimuliwa kwa wanawake waliochelewa kupata mtoto: alilia, akaomba, akapata. Ukiifupisha habari yake hivyo, umetupa nyama na kubaki na mfupa. Kila mwaka mumewe, Elkana, aliwapeleka wake zake wawili Shilo kutoa dhabihu, na kila mwaka Penina, mwenye watoto, alimchokoza mwenzake mpaka chakula kikamshinda. Elkana akambembeleza kwa kumuuliza kama yeye hamfai kuliko wana kumi. (Wanaume wenzangu, tusimwige. Anayelilia mtoto hatulizwi kwa mume kujisifu.)

Hana akaenda kuomba. Midomo ilicheza, sauti haikutoka, na kuhani Eli, aliyekuwa ameketi karibu na mwimo wa mlango, akadhani amelewa, akamkaripia. Hana alimjibu kwa adabu bila kurudi nyuma: hajaonja kileo, kilichomwagika hapo ni nafsi yake. Kitenzi cha Kiebrania alichotumia ndicho kinachotumika kwa maji au damu inapomwagwa. Hakuja na ombi lililopangwa vizuri. Alimwaga yote, na uchungu wake ndani. Eli akambariki aende kwa amani, pasipo hata kujua alichoomba.

Sasa angalia mpangilio wa sura ile ya 1. Mstari wa 18, Hana anakula, na uso wake haukunjamani tena. Habari ya mimba inakuja mstari wa 20. Alipokuwa akila, Penina alikuwa yuleyule na utasa ulikuwa uleule. Nikiulizwa imani inaonekanaje, huonyesha sahani ile.

Lugha yetu yenyewe inatusaidia hapa. Imani tumeipata kwa Waarabu, amina asili yake ni Kiebrania, lakini mzizi ni mmoja, na ndugu yao mwingine ni amana. Muuza duka anayesema anamwamini kijana wake hatujui kama ni kweli mpaka siku atakapomwachia funguo. Hana aliacha uchungu wake Shilo kama amana, akaenda kula.

Na furaha nayo aliikabidhi vivyo hivyo, jambo ambalo naona ni gumu zaidi. Ule wimbo wake wa shangwe wa sura ya 2 watu hudhani aliuimba siku ya kujifungua. Sivyo. Unakuja baada ya mtoto huyo, Samweli, kuachishwa ziwa, mama yake alipompeleka Shilo pamoja na unga na kiriba cha divai, ili amwache huko moja kwa moja. Mwandishi anachezea kitenzi kimoja cha Kiebrania chenye maana ya kuomba na, kikinyambuliwa, ya kuazima: mtoto aliyeombwa kwa Mungu anaazimwa kwa Mungu.

Baadaye Hana alipata wana watatu na mabinti wawili. Hata hivyo kila mwaka alimshonea Samweli kanzu ndogo na kumpelekea. Biblia haisemi vipimo alivipata wapi. Mama anayemwona mwanawe mara moja kwa mwaka hushona kwa kukisia, akiacha upindo mpana wa kushusha.