Kuupiga Wimbo wa Mwenzio

Katika mwambao wa Ziwa Mweru nyimbo zimezoea kuvuka maji. Upande wa Zambia kuna Nchelenge na soko la samaki la Kashikishi. Ng'ambo iko Kilwa ya Kongo. Na kaskazini, pale Mto Luvua unapotoka ziwani, upo mji wa Pweto. Wabwile wa Chifu Puta wana jamaa zao pande zote mbili za mpaka. Wachuuzi waliovuka na bidhaa zao walivuka pia na santuri, baadaye kanda, na siku hizi nyimbo zimo ndani ya simu. Kiswahili cha Katanga kimefika Puta kwa njia hiyo hiyo, hata kwa watu ambao nyumbani husema Kibwile au Kibemba.

Kwa hiyo kijana wa huko anayeshika gitaa kwa mara ya kwanza aghalabu haanzi na utungo wake mwenyewe. Huanza na wimbo wa mtu mwingine. Wanamuziki wa Tanzania huiita kazi hiyo "kupiga kopi", na wako wanaolitamka neno hilo kwa dharau, kana kwamba mpiga kopi ni mwanafunzi aliyechungulia daftari la jirani yake. Dharau hiyo haistahili. Kuupiga vyema wimbo wa mwenzio ni ufundi kamili, wenye masharti yake, na sharti moja kubwa huvunjwa mara nyingi kuliko mengine.

Mfano ulio karibu kabisa na ziwa hilo ni wa Jean Bosco Mwenda, ajulikanaye pia kama Mwenda wa Bayeke. Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, magharibi ya Mweru, katika makao ya kale ya Msiri, yule mtawala aliyetoka katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika akirekodi muziki, alimsikia Mwenda mjini Jadotville, unaoitwa Likasi siku hizi, akamrekodi. Miongoni mwa nyimbo za wakati huo ulikuwamo "Masanga", na santuri yake ikaenea mbali sana kupita Katanga. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mwenda alikaa Nairobi kwa muda, akawa na kipindi chake katika redio. Wapiga gitaa wengi wa Kenya walijifunza kwake, wengine bila kumwona hata siku moja.

Hapo ndipo ugumu wa kopi unapoonekana. Anayeisikiliza "Masanga" kwa mara ya kwanza hudhani kwamba magitaa ni mawili. Kumbe gitaa ni moja, na vidole vinavyochokoa nyuzi ni viwili tu: kidole gumba kinashughulikia nyuzi nene za chini, na cha shahada kinatembeza sauti ya juu. Kila kimoja kina mwendo wake, nacho hakingoji ruhusa ya mwenzake. Mpigaji aliyezoea kukwangua nyuzi zote kwa pamoja atazipata sauti zote za wimbo huo lakini wimbo wenyewe hataupata. Haina budi aurudishe mkono shuleni: gumba peke yake kwanza, polepole, mpaka liende bila kufikiriwa, ndipo kidole cha shahada kiongezwe. Kazi hiyo inaweza kuchukua majuma mengi, na jamaa wa nyumbani wavumilie tu.

Mwingereza mmoja, John Low, hakuridhika na kujifunza kwa santuri. Mwaka 1979 alisafiri mpaka Lubumbashi kuwatafuta wapigaji wa mtindo ule wa zamani, akamkuta Mwenda, akajifunza mbele ya mikono yake, na habari za safari hiyo akaziandika kitabuni. Kabla yake, mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtaalamu David Rycroft alikuwa ameuandika upigaji wa Mwenda kwa alama za muziki, sauti baada ya sauti. Kazi yake inafundisha jambo lenye faida kwa kila mpiga kopi: Mwenda hakuwa mtumwa wa wimbo wake. Alikuwa na kiini ambacho hakukiacha, na kukizunguka kiini hicho alikuwa akibadilisha, akiongeza hapa na kupunguza pale. Ikiwa mwenye wimbo mwenyewe haupigi sawasawa kila mara, yule anayejitahidi kuiga kila mkwaruzo wa santuri anaiga kitu gani? Anaiga siku moja ya mwaka 1952.

Sharti la kwanza basi ni kukijua kiini, na kiini hicho hakiwi kile kile katika kila wimbo. Katika "Malaika", uliorekodiwa na Fadhili William wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, kiini ni sauti ya mwimbaji na majonzi ya kijana asiye na mali ya kuolea. Miriam Makeba aliuimba kwa namna yake, majonzi yakabaki. Kundi la Boney M. la Ujerumani lilipourekodi mwaka 1981 liliutia mdundo wa disko. Angélique Kidjo wa Benin naye akaurekodi mwaka 1991. Kila mmoja aliuvisha nguo nyingine, na kila msikilizaji ana haki ya kusema ni nguo ipi iliyoupendeza. Wengi watakubali kwamba majonzi na disko havikai vyema katika chumba kimoja.

Sharti la pili ni la koo. Mwimbaji asing'ang'anie kimo cha sauti cha mwenye wimbo. Aushushe au aupandishe mpaka ukae katika sauti yake, wala asijitie lafudhi isiyo yake. Bendi inayotumbuiza katika bwalo la askari au arusini itafanya vyema pia kuukata wimbo kwa kadiri ya wachezaji walioko, maana santuri ya zamani ilimalizika kwa dakika tatu tu, na wachezaji ndio kwanza wanaanza kutoka jasho.

Hata hivyo, nchi ikiishi kwa kopi tupu hudumaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 bendi nyingi za vijana wa Zambia zilizipenda mno nyimbo za roki za Ulaya na Marekani. Emmanuel Chanda wa bendi ya WITCH alijulikana kwa jina la Jagari, lililotokana na la Mick Jagger. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 Rais Kenneth Kaunda aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redio uwe wa Kizambia. Miaka iliyofuata ikawa ya kalindula, muziki wenye asili katika maeneo kama Luapula, uliopewa jina la zeze lake la sauti nene.

Sharti linalovunjwa mno ni kumtaja mwenye wimbo na kumpa haki yake. Mwaka 1939 Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi "Mbube" mjini Johannesburg. Wamarekani waliuchukua, wakaugeuza, na mwaka 1961 kundi la The Tokens likaufanya kuwa wimbo wa dunia nzima. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Mabinti zake walipata mapatano ya kulipwa mwaka 2006, miaka 44 baada ya kumzika baba yao. Na "Malaika" nao una kesi yake isiyokwisha, kwani Adam Salim wa Tanzania alidai kwamba ndiye aliyeutunga katika miaka ya 1940, kabla Fadhili hajaurekodi.

Zambia ilitunga sheria ya hakimiliki mwaka 1994, na chama cha ZAMCOPS hukusanya malipo ya watunzi. Kenya kipo chama cha MCSK, na Tanzania ilianzisha COSOTA kwa sheria ya mwaka 1999. Lakini hakuna chama kiwezacho kumlipa mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Kiongozi wa bendi anaweza kulianza jambo hilo kwa daftari la kawaida la shule: safu ya kwanza jina la wimbo, ya pili mtunzi na kwao, ya tatu tarehe na mahali ulipopigwa. Na kabla ya kuanza kupiga, mwimbaji asome safu ya pili kwa sauti: "Masanga", wa Mwenda wa Bayeke, mtu wa Bunkeya, aliyefariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia.