Kizibao Kizito cha Akii-Bua

Sogeeni, wajukuu zangu, na wewe mwenye simu iweke chini kidogo. Nimewasikia mkibishana. Mmoja anasema mafuta ya mwili huyeyushwa na mbio tu, mwingine anaapa kwamba dawa ni vyuma. Ubishi huo si wenu peke yenu. Kampala yote imegawanyika hivyohivyo: alfajiri kuna wanaopanda mlima wa Kololo wakihema, na jioni kuna waliojifungia kwenye vibanda vya jimu, wananyanyua makopo yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba la chuma. Kila upande unaucheka mwingine.

Kabla sijaamua, nitawasimulia habari za askari polisi mmoja. Jina lake John Akii-Bua, mzaliwa wa Lango, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1949. Mbio zake zilikuwa mita 400 za kuruka viunzi: unazunguka uwanja mzima kwa kasi, na njiani kuna viunzi 10 vinavyokaribia kimo cha kiuno chako. Kocha wake, Mwingereza Malcolm Arnold, hakutaka kijana mwenye pumzi bila nguvu, wala mwenye nguvu bila pumzi. Basi Akii-Bua akawa anavaa kizibao kilichotiwa uzito, na kukimbia nacho, na kuruka nacho viunzi. Ungemwona ungedhani anatumikia adhabu.

Tarehe 2 Septemba 1972, kwenye Olimpiki ya Munich, walimpanga njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa ambako kona ni kali kuliko zote. Siku hiyo kizibao hakikuwapo. Alimaliza kwa sekunde 47.82, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya sekunde 48 katika mbio hizo. David Hemery wa Uingereza, bingwa wa 1968 na mwenye rekodi ya dunia, akawa wa tatu. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki.

Najua mtaniuliza: babu, sisi tunazungumzia kitambi, wewe unatuletea medali? Subirini. Akii-Bua hakuwa na kitambi cha kupunguza. Nimemleta kwa sababu mwili wake ulipewa kazi zote mbili, na kila kazi ina lake.

Mafuta ni ghala la mwili. Ukila kuliko unavyotumia, ziada huwekwa humo. Ukikimbia, misuli huomba nishati, na mwili hufungua ghala. Sasa niambieni, mafuta yakishatumika huenda wapi? Wengi husema hutoka kwa jasho, ndiyo maana utawaona watu wamejifunga mifuko ya plastiki tumboni katikati ya jua. Wanajitesa bure. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Australia, Ruben Meerman na Andrew Brown, walipiga hesabu wakaona kwamba katika kilo 10 za mafuta yaliyotumika, kilo 8.4 hutoka kama kaboni dayoksaidi, yaani ile hewa unayoitoa puani na mdomoni. Kilo 1.6 zilizobaki huwa maji. Kwa hiyo yule anayehema Kololo anayapumua mafuta yake, pumzi baada ya pumzi. Kuhema kwa makusudi ukiwa umekaa hakusaidii, msijaribu. Ni kazi ya misuli inayoyachoma.

Hapo wapenda mbio wanachekelea. Lakini mtu akipunguza chakula akakimbia tu, mwili haupunguzi mafuta peke yake, hupunguza na misuli. Anakuwa mwembamba lakini dhaifu, jerikeni la maji linamshinda. Vyuma ndivyo vinavyouambia mwili kwamba misuli hii bado ina kazi, usiiguse.

Jambo hili limepimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitangaza mwaka 2012 matokeo ya watu wazima 119 wenye uzito uliozidi, waliofanya mazoezi kwa miezi 8. Kundi moja lilifanya mazoezi ya pumzi, la pili lilinyanyua vyuma, la tatu likafanya yote. Wa mbio walipungua mafuta kuliko wa vyuma. Wa vyuma waliongeza misuli, ila mafuta yao hayakupungua sana. Wa kundi la tatu walipata yote mawili: mafuta yalishuka, misuli ikaongezeka. Nisiwafiche, hao wa tatu walitumia karibu mara mbili ya muda wa wenzao. Ndiyo bei yake.

Sasa msikimbilie kudai fedha za jimu kwa mama zenu. Mwaka 2018 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walilinganisha nchi 168, wakakuta Uganda ndiyo yenye watu wachache kuliko zote wasiojishughulisha vya kutosha: asilimia 5.5 tu. Waganda hawakuipata sifa hiyo kwa vyuma vya kununua. Wanalima, wanatembea, wanabeba. Jerikeni la lita 20 likijaa ni kilo 20, na ukilipandisha mlimani kutoka kwenye bomba umekwisha kuvaa kizibao cha Akii-Bua. Shida inawakuta wale walioacha kubeba na kutembea: ofisini kukaa, bodaboda hadi mlangoni, jioni rolex mbili, zile chapati za kukunjia mayai, za mafuta mengi. Wala kukosa uwanja si kisingizio: Aprili 2020, watu walipokatazwa kukimbia barabarani kwa sababu ya korona, Rais Museveni, akiwa na miaka 75, alijirekodi ofisini kwake peku, akikimbia huku na huku kisha akapiga pushapu 30. Mapenzi yako ya siasa weka kando. Pumzi na nguvu zote zilikuwamo humo chumbani.

Ninyi bado mnakua, kwa hiyo msijinyime chakula. Maharage, karanga, mayai na mukene, wale dagaa wetu, ndivyo vinavyojenga misuli, bila hivyo vyuma ni kelele tu. Wala msimcheke mwenzenu mnene. Kuna mnene anayekimbia na mwembamba anayehema kwa ngazi moja. Wanaosema vyuma hudumaza watoto wanakosea, mradi uzito ni mdogo na mtu mzima anayejua yupo kuwaelekeza. Lakini mkianza, uzito wa miili yenu wenyewe unatosha.

Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 ajishughulishe angalau dakika 60 kwa siku, na siku tatu za wiki zihusishe kazi ya kuimarisha misuli na mifupa. Basi siku hizo tatu anzeni na nguvu kabla miguu haijachoka: kuchuchumaa na kusimama mara 10, pushapu kadiri mnavyoweza, hata za kuegemea ukuta, mrudie mara tatu. Kisha rukeni kamba au pandeni kilima mpaka mshindwe kuimba lakini muweze bado kuzungumza. Siku nyingine chezeni mpira. Na maji ya leo nani anakwenda kuyateka?