MJI ULIONG'OLEWA MOYO
Jinsi Rotterdam Ilivyowarudisha Watu Katikati ya Mji

Mji wa Rotterdam, ulioko Uholanzi, una bandari iliyo kubwa kuliko zote za Ulaya. Kama Kilindini ilivyo mlango wa bidhaa za Kenya na Uganda, ndivyo bandari hiyo ilivyo mlango wa nchi nyingi: mizigo hushushwa melini, ikatiwa mashuani, ikapanda mto Rhine mpaka Ujerumani na Uswisi. Waholanzi hufanya mzaha wakisema kwamba mashati yauzwayo Rotterdam huwa yamekwisha kukunjwa mikono, kwa kuwa wenyeji wa huko hawana wakati wa kupoteza. Hata hivyo, watu hao hodari wa kazi walihitaji miaka mingi kujifunza jambo moja lionekanalo kuwa jepesi: ya kwamba moyo wa mji si maduka yake, bali ni watu walalao humo.

Tarehe 14 Mei, 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege za Ujerumani ziliutupia mji huo mabomu kwa muda wa karibu robo saa. Moto uliofuata ulimaliza kazi iliyoanzwa na mabomu. Mamia ya watu walikufa. Nyumba 25,000 hivi ziliteketea, na maduka zaidi ya 2,000, pamoja na makanisa, shule na maghala. Watu wapatao 80,000 wakabaki hawana pa kulala. Kanisa kuu la Mtakatifu Laurenti lilisalia kuta na mnara tu. Kifusi kilizolewa, na kingine kikatumiwa kufukia baadhi ya mifereji ya maji ya mji. Mahali palipokuwa na vichochoro na vibanda vya mafundi pakawa uwanja mtupu.

Mwaka 1953 sanamu ya shaba iliyofanywa na Ossip Zadkine ilisimamishwa huko kuwa ukumbusho wa msiba huo. Ni sanamu ya mtu aliyeinua mikono yake mbinguni kama apigaye ukelele, na kifuani mwake mna tundu kubwa, kana kwamba moyo wake umeng'olewa.

MADUKA YARUDI

Baraza la mji halikukawia. Katika mwaka ule ule wa 1940 lilitwaa ardhi yote iliyoungua, ili mji upangwe upya wala usishonwe viraka. Mpango wenyewe, ulioongozwa na Cornelis van Traa, ulikubaliwa mwaka 1946. Ulitaka barabara pana, maofisi, mabenki na maduka katikati ya mji. Na nyumba nyingi za kukaa zijengwe mbali, katika mitaa mipya ya kusini kama Zuidwijk na Pendrecht, penye hewa safi na bustani.

Wenye maduka, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakiuza katika vibanda vya muda, walipata makao mapya mwezi wa Oktoba, 1953, wakati njia iitwayo Lijnbaan ilipofunguliwa. Jina hilo maana yake ni mahali pa kusokotea kamba, nayo ni kazi iliyostahili mji wa mabaharia. Wachoraji wa majengo, Van den Broek na Bakema, waliipanga kwa namna iliyokuwa ngeni siku zile: magari hayakuruhusiwa kupita kabisa. Maduka ya ghorofa mbili yalielekeana, yakiwa na vipenu vya kuwakinga wanunuzi na mvua, na katikati palikuwa na miti, maua na mabenchi. Bidhaa ziliingizwa kwa njia ya nyuma. Mama aliweza kumwachilia mtoto mkono bila hofu ya magurudumu. Wapangaji wa miji wa Ulaya na Marekani walikwenda kuitazama njia hiyo, na wengi wakaiiga.

Nyuma ya maduka hayo yalijengwa majumba marefu ya kukaa, yakizunguka bustani za majani na miti. Hapo palikuwa na mambo matatu pamoja: nyumba, bustani na duka. Lakini majumba hayo yalikuwa machache, na sehemu iliyobaki katikati ya mji ilikuwa ya kazi tu.

JIONI PAWA UKIWA

Kasoro yake ilionekana jua lilipokuchwa. Makarani walifunga maofisi, wauzaji wakateremsha milango, kila mtu akashika njia ya kwao. Barabara zile pana zilibaki kwa upepo utokao mtoni. Wenyeji wakaanza kunung'unika kwamba mji wao ni safi na mpya, lakini ni baridi. Mwaka 1970, katika maonyesho makubwa yaliyoitwa C70, baraza la mji lilijaribu kuleta uchangamfu kwa kujenga vibanda katikati ya mji na kupitisha vigari vya kuning'inia kwenye waya juu ya barabara kuu ya Coolsingel. Watu walifurahi, walakini furaha ya maonyesho huondoka na maonyesho yenyewe.

Dawa ilikuwa nyingine, nayo ni kuwarudisha wakazi. Tangu miaka ya 1970 fikira za viongozi wa mji zilianza kugeuka, nyumba zikajengwa tena katikati. Karibu na barabara ya Blaak, Piet Blom alijenga nyumba zilizomalizika mwaka 1984, ambazo kila moja ni mfano wa sanduku lililosimamishwa kwa pembe yake juu ya nguzo. Chini yake hupita njia ya watu wa miguu.

Jirani nazo, mwezi wa Oktoba, 1984 ikiwa imepita kwa miaka thelathini, lilifunguliwa soko la Markthal mwaka 2014. Jengo hilo ni tao kubwa lenye kimo cha mita 40 hivi. Chini ya tao wachuuzi huuza samaki, jibini na matunda. Na ndani ya tao lenyewe mna nyumba 228 za kukaa. Baadhi ya madirisha yake huelekea sokoni, hata mwenye nyumba aweza kutazama kutoka chumbani mwake jinsi biashara iendavyo.

Bustani nazo hazikusahauliwa, wala kazi haikuachiwa baraza la mji peke yake. Daraja la mbao la watu wa miguu, liitwalo Luchtsingel, lililofunguliwa mwaka 2015 ili kuunganisha mitaa iliyotengwa na barabara na reli, lilijengwa kwa sehemu kwa michango ya wananchi. Na majina ya waliochanga yakachorwa kwenye mbao zake. Wakenya, waijuao harambee, hawatalistaajabia jambo hilo.

NI NANI ATAKAYEKAA HUMO?

Lakini mji ukipendeza, kodi nayo hupanda. Mwaka 2016 baraza la mji lilikuwa na mpango wa kupunguza kwa maelfu nyumba za kodi ndogo na kuongeza za watu wenye mapato makubwa zaidi. Wenye kuukubali walisema mji wahitaji watu wa kila namna. Wenye kuupinga waliuliza maskini watakwenda wapi. Wananchi waliitwa kupiga kura, lakini waliofika hawakutimia kiasi kilichotakiwa na sheria, na kura ile haikuwa na nguvu. Swali likabaki pale pale.

Ndilo swali liupasalo kila mji unaobomoa na kujenga. Kuchora ramani ni kazi ya mafundi, na fedha za saruji huweza kukopwa; bali mpishi, mpakuzi wa mizigo, mwalimu na karani wasipopata chumba wawezacho kukilipia karibu na kazi yao, wataondoka jioni pamoja na wanunuzi, na taa za madukani zitawaka bure. Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango. Na mji mwema kadhalika si vioo vya maduka: yafaa kuutazama usiku, na kuhesabu madirisha yenye taa.