Kwa nini mtambo wa bayogesi nao huzimika gridi inapozimika

Aprili 1, 2024, hitilafu katika gridi ya taifa iliiacha sehemu kubwa ya Tanzania bila umeme. Katika hali kama hiyo wengi hudhani kuwa mwenye mtambo wa bayogesi ana nafuu, kwa kuwa gesi yake haitegemei bwawa wala bomba. Mara nyingi sivyo. Mtambo uliounganishwa na gridi hufungiwa kinga inayouzima mara gridi inapokosa umeme, na sababu yake ni ya msingi: fundi aliye juu ya nguzo, akiamini kuwa waya hauna umeme, asije akauawa na umeme unaotoka upande wa pili.

Ili mtambo huo uhudumie hospitali na nyumba za jirani wakati wa giza, sharti iwepo swichi ya kuutenga mtandao huo mdogo na gridi, betri ya kuwashia injini, na kidhibiti cha kuuweka umeme katika mizunguko 50 kwa sekunde. Hapo ndipo penye kazi. Injini ya gesi haipokei mzigo wa ghafla kwa wepesi wa ile ya dizeli. Pampu ya maji na majokofu yakiwashwa kwa mpigo mmoja, mizunguko hushuka na mtambo mzima hulala. Hivyo vifaa huwashwa kwa zamu, chumba cha upasuaji kwanza. Mashine ya kufulia mashuka itangoja.

Penye maandalizi hayo, faida huonekana usiku, jua likiwa limezama, kwani gesi huwekwa akiba. Mita moja ya ujazo hutoa takriban uniti 2 za umeme. Kituo cha afya kinachotumia kilowati 30 huhitaji basi mita za ujazo 120 kwa muda wa saa nane.

Malighafi si haba. Katika jani la mkonge, singa ni takriban asilimia 4 tu; yanayobaki hutupwa na korona. Ni mabaki hayo yaliyotumika Hale, mkoani Tanga, katika mtambo wa kilowati 150 uliojengwa miaka ya 2000. Lakini swichi na kidhibiti vina gharama, na ni nafuu kukubaliana juu yake na shirika la umeme kabla ya ujenzi kuliko kuvifunga baadaye.