SI KILA WINGU HULETA MVUA

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Juu ya msingi huo hujengwa kazi yote ya upelelezi: askari huona alama, kisha hutafuta chanzo chake. Hata hivyo, wanafalsafa wa sayansi hutufundisha kwamba ziko njia mbili za kufikia neno la mwisho. Ikiwa kila bunduki ya ghala ina namba, na bunduki hii ni ya ghala, basi hapana budi ina namba. Huo ni uhakika. Lakini atokaye katika yale aliyoyaona kwenda kwa yale asiyoyaona hapati uhakika. Hupata uwezekano tu. Mwanafalsafa David Hume wa Scotland aliyaeleza hayo tangu mwaka 1739.

Uwezekano nao, ukipimwa vibaya, huweza kumfunga mtu. Tarehe 18 Juni, 1964, mjini Los Angeles, Marekani, mama mmoja mzee alisukumwa akaanguka, akaporwa mkoba. Mashahidi walisema kuwa mwanamke mwenye nywele za dhahabu, zilizofungwa mkia, alikimbilia gari la manjano lililoendeshwa na mwanamume mweusi mwenye ndevu na masharubu. Polisi wakawakamata mume na mke waliofanana na maelezo hayo.

Kwa kuwa ushahidi wa kuwatambua ulikuwa dhaifu, mwendesha mashtaka aligeukia hesabu. Alikadiria gari la manjano kuwa 1 katika 10. Masharubu, 1 katika 4. Nywele za mkia, 1 katika 10. Nywele za dhahabu, 1 katika 3. Mtu mweusi mwenye ndevu, 1 katika 10. Na watu wawili wa rangi mbalimbali garini, 1 katika 1,000. Alipozizidisha zote alipata 1 katika 12,000,000. Raia walioteuliwa kuamua kesi wakawatia hatiani.

Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ya California iliitengua hukumu ya mume huyo, Malcolm Collins. Kwanza, makadirio hayo hayakuwa na uthibitisho wowote. Pili, kuzidisha hufaa pale tu ambapo dalili moja haitegemei nyingine, na wenye ndevu wengi huwa na masharubu pia. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, uhaba wa dalili si kipimo cha hatia. Mahakama ilionyesha kwamba hata kama 1 katika 12,000,000 ingekuwa sahihi, palipo na jozi za watu zipatazo milioni kumi na mbili, uwezekano wa kuwapo jozi nyingine yenye sifa zile zile ungepita asilimia 40.

Kwa hiyo, ndugu askari, kabla hujaandika kwamba jambo fulani haliwezi kuwa bahati tu, jiulize: Kadirio hili limetoka wapi? Dalili hizi zinategemeana? Ni wangapi wengine wanaofanana nazo? Anayeuliza hivyo halegezi mkono wa sheria. Asiyeuliza aweza kumpeleka gerezani asiye na kosa, na mwizi halisi akabaki mtaani akitafuta mkoba mwingine.