Rovu la Idjwi: homoni ya thairoidi katika umetaboli, moyo na mifupa

Katika Ziwa Kivu, baina ya Kongo na Rwanda, kuna kisiwa cha Idjwi, chenye milima na mashamba ya migomba, maharagwe na muhogo. Katika miaka ya 1960 waganga na wachunguzi kutoka Ubelgiji, wakishirikiana na taasisi ya utafiti ya Lwiro (IRSAC), walifika huko ili kuchunguza ugonjwa ambao kila mwenyeji aliufahamu kwa macho: rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni. Matokeo yao yaliwatatiza. Kaskazini mwa kisiwa, nusu ya watu au zaidi walikuwa na rovu; kusini-magharibi walionekana wachache tu. Hata hivyo iodini, madini ambayo upungufu wake ulikwisha kujulikana kuwa ndio mzizi wa rovu, ilikuwa haba kote kisiwani, na haba sawasawa.

Iwapo chanzo ni kimoja, mbona matokeo yawe mawili? Swali hilo, ambalo François Delange alilishughulikia kwa urefu katika kitabu chake cha 1974, haliwezi kujibiwa bila kueleza kwanza tezi hiyo inafanya kazi gani, na kwa nini kasoro ya kiungo cha shingoni inaonekana katika joto la mwili, katika mapigo ya moyo na katika kimo cha mtoto.

Tezi na homoni yake

Neno "homoni" liliingizwa katika sayansi na Mwingereza Ernest Starling mnamo 1905, kutokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea. Katika mafundisho ya shule homoni hulinganishwa na mjumbe anayesafiri kwa njia ya damu. Mlinganisho huo unasaidia, lakini una upungufu wake. Mjumbe hubeba maneno, na maneno hayo yana maana ile ile kwa kila ayasikiaye. Homoni haibebi maneno. Inafanana zaidi na kengele ya shule: mlio ni mmoja, lakini mwanafunzi akiusikia hutoka nje, mwalimu hufunga kitabu, na mpishi hupakua chakula. Maana imo ndani ya seli inayopokea, si ndani ya homoni yenyewe.

Kile kinachopokea huitwa hapa "kipokezi". Neno hilo limependelewa kwa kuwa kitu chenyewe si chombo cha kuwekea tu: hupokea, kisha hutenda. Homoni nyingine, kama insulini na adrenalini, haziingii ndani ya seli. Hugusa kipokezi kilichoko kwenye utando wa nje, nacho hupitisha habari ndani kwa mfululizo wa protini zinazoamshana moja baada ya nyingine, na matokeo huonekana kwa sekunde au dakika. Homoni ya thairoidi, katika kazi yake kuu, hufuata njia nyingine. Huingia hadi ndani ya kiini cha seli, na huko hukuta kipokezi kikiwa tayari kimekaa juu ya ADN, molekuli inayohifadhi maagizo ya urithi. Matokeo yake huchukua saa na siku. Vipokezi hivyo vilitambuliwa mwaka 1986 na makundi mawili ya wachunguzi waliofanya kazi mbalimbali. Leo vinajulikana vya aina mbili zilizo kuu: alfa, iliyo nyingi zaidi katika moyo na mifupa, na beta, iliyo nyingi katika ini.

Hapa pana jambo linalopitwa haraka katika vitabu vingi. Homoni isipokuwepo, kipokezi hakikai bure. Hukaa juu ya jeni na kuizima. Homoni ikifika, kipokezi hubadili umbo, protini zilizokuwa zikisaidia kuzima huondoka, nyingine za kuwasha hushika nafasi yake. Kwa hiyo ukosefu wa homoni si kimya tu. Ni amri ya kinyume. Jambo hilo limethibitishwa kwa panya: wale wasio na vipokezi kabisa huishi, lakini wale waliozaliwa na vipokezi kamili bila tezi ya kuwapa homoni hufa wakiwa wachanga wasipotibiwa. Ni afadhali kukosa masikio kuliko kuwa na masikio na kukosa kengele.

Tezi yenyewe ni ndogo; kwa mtu mzima ina uzito wa gramu 20 hivi. Hunasa iodini kutoka katika damu na kuiunganisha katika homoni mbili. Ya kwanza ni thairoksini, yenye atomu nne za iodini, ambayo Edward Kendall aliitenga huko Marekani tarehe 25 Desemba 1914. Ya pili ina atomu tatu. Thairoksini ni kama akiba: hukaa katika damu karibu wiki moja kabla ya nusu yake kwisha, na nguvu yake ni kidogo. Ni baada ya kupokonywa atomu moja ya iodini, katika ini, figo na viungo vingine, ndipo inapogeuka kuwa homoni tendaji. Vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyo vina madini ya seleni ndani yake. Msomaji alishike jambo hilo, kwani litarudi.

Uzalishaji wote husimamiwa na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Homoni ikipungua katika damu, pituitari hutoa homoni yake ya kuchochea thairoidi. Tezi ya shingoni ikichochewa hufanya kazi zaidi, na ikichochewa kwa miezi na miaka, hukua ili inase hata chembe ya mwisho ya iodini ipitayo. Rovu, basi, si kuzembea kwa tezi. Ni jasho lake. Wako watu wengi wenye rovu ambao damu yao ina homoni ya kutosha, kwa sababu juhudi ya tezi imefaulu. Wengine juhudi hiyo haiwatoshi.

Umetaboli, moyo na mifupa

Mwaka 1895 Mjerumani Adolf Magnus-Levy alipima hewa wanayovuta wagonjwa wakiwa wamepumzika, akaona kwamba wenye thairoidi iliyozidi hutumia oksijeni nyingi kuliko watu wazima wa afya, na wenye thairoidi pungufu hutumia kidogo. Kwa miongo mingi kipimo hicho kilikuwa ndicho njia ya hospitali ya kutambua ugonjwa. Sababu zake ni kadhaa: homoni huzidisha kazi ya pampu zinazosukuma sodiamu na potasiamu kwenye utando wa seli, huharakisha kujengwa na kubomolewa kwa mafuta na protini kwa wakati mmoja, na nishati nyingi hutoka kama joto tu. Ndiyo maana mgonjwa wa ziada hukonda huku anakula vizuri na hawezi kustahimili jua, hali wa upungufu huona baridi mahali ambapo wenziwe wamevua koti. Katika ini, homoni huamrisha vijengwe vipokezi vya kuondoa kolesteroli katika damu. Ikikosekana, kolesteroli hurundikana.

Moyo hupata mlio wa kengele kwa namna mbili. Ndani ya seli zake, homoni huwasha jeni za protini za misuli zikazazo haraka, na za pampu inayorudisha kalisi ghalani baada ya kila pigo. Moyo hukaza kwa nguvu na kulegea upesi. Nje ya moyo, mishipa midogo hulegea, figo huhifadhi chumvi na maji, damu huongezeka, na moyo hulazimika kusukuma zaidi. Kwa kiasi cha kawaida hayo yote ni afya. Yakizidi, mapigo hayatulii hata usingizini, na kwa wagonjwa 10 hadi 15 katika kila 100 chumba cha juu cha moyo huacha kupiga kwa utaratibu, hutetemeka tu. Damu izubaayo katika chumba hicho yaweza kuganda. Donge likisafiri hadi ubongoni, mtu hupatwa na kiharusi. Upande wa upungufu hauna kishindo hicho, lakini hauna heri: mapigo ya polepole, mishipa migumu, kolesteroli nyingi, pengine maji katika mfuko unaouzunguka moyo.

Mifupa hudhaniwa kuwa ni mawe ya mwilini. La hasha. Kila siku seli za namna moja hukwangua mfupa mkongwe na seli za namna nyingine hujenga mpya mahali pale pale. Kwa mtu mzima mwenye afya duru moja ya kubomoa na kujenga huchukua siku 200 hivi. Homoni ya thairoidi ikizidi, duru hufupishwa karibu nusu, na kinachofupishwa zaidi ni muda wa kujenga. Takriban asilimia 10 ya mfupa uliopaswa kurudishwa haurudi. Duru zikifuatana, mfupa huwa mwepesi, na kalisi yake hutoka kwa njia ya mkojo. Kwa wanawake waliokoma hedhi hasara hiyo ni kubwa zaidi. Homoni ikipungua, duru hurefuka hadi siku 700 hivi.

Kwa mtoto habari ni nyingine kabisa. Kwake homoni ndiyo inayoongoza ugeukaji wa gegedu za ncha za mifupa kuwa mfupa kamili. Isipopatikana, kimo husimama, na mifupa ya mtoto wa miaka 10 huweza kuonekana katika picha ya eksirei kama ya mtoto mdogo sana. Akili nayo hudumaa. Katika maeneo ya rovu ya Kongo, yaani Kivu, Uele na Ubangi, udumavu wa namna hiyo, wenye ufupi, uso uliovimba na ngozi kavu, ulionekana mara nyingi kuliko ule wa mabara mengine, ambao huharibu usikivu na mwendo zaidi ya kimo.

Muhogo, seleni na chumvi

Jibu la fumbo la Idjwi lilipatikana jikoni. Muhogo una kitu kiitwacho linamarini, ambacho hutoa sianidi. Sianidi ikiingia mwilini kwa kiasi kidogo, ini huibadili kuwa thiosianati, ambayo si sumu kali. Lakini kwa mlango wa tezi ya shingoni, thiosianati na iodini hushindania njia moja ya kuingilia. Mahali penye iodini ya kutosha, thiosianati haina madhara makubwa. Mahali iodini ilipo haba, hufunga hata kile kidogo kilichobaki. Watu wa kaskazini mwa kisiwa walikuwa na thiosianati nyingi zaidi katika damu na mkojo kuliko wale wa kusini-magharibi. Wachunguzi waliafikiana baadaye kwamba hatari huanza pale mikrogramu za iodini katika mkojo zinapokuwa chini ya 3 kwa kila miligramu moja ya thiosianati. Muhogo wenyewe hauna hatia: uliolowekwa siku za kutosha na kukaushwa vizuri hupoteza sehemu kubwa ya linamarini. Neno la mama kwa binti yake, kwamba asifanye haraka kuutoa muhogo majini, ni neno la elimu ya homoni.

Dawa ya kwanza ilikuwa sindano ya mafuta yenye iodini, iliyojaribiwa Idjwi, kisha ikatumiwa kwa watu wengi huko Ubangi katika miaka ya 1970. Sindano moja ilitosha kwa miaka kadhaa. Rovu lilipungua.

Kisha likaja suala la seleni. Ilipogunduliwa kwamba udongo wa kaskazini mwa Kongo una upungufu wa madini hayo pia, ilionekana ni haki na busara kuyaongeza. Mwaka 1991 Bernard Contempré na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la Karawa, Ubangi: watu waliopewa seleni peke yake, bila iodini, walipungukiwa na thairoksini, na wale waliokuwa tayari na udumavu hali yao ilizidi kuwa mbaya. Maelezo yanatokana na yaliyosemwa juu. Vimeng'enya vilivyopata seleni viliamka, vikaanza kuitumia na kuivunja akiba ya thairoksini kwa kasi, na tezi isiyo na iodini haikuweza kuirudisha. Upungufu wa seleni ulikuwa umeibana akiba, na kwa kubana huko ukamlinda mgonjwa. Iodini ilipaswa kutangulia.

Chumvi yenye iodini ilipoenea Kivu katika miaka ya 1990, lilionekana tatizo la upande wa pili. Mwaka 1996 Pierre Bourdoux, pamoja na wenzake ambao mmoja wao alikuwa Mukalay wa Mukalay, waliarifu juu ya wagonjwa wa Kivu, Zaire ya wakati ule, waliopata ziada ya homoni ya thairoidi kwa sababu ya iodini. Zimbabwe ilikwisha kuona jambo hilo hilo. Tezi iliyovimba miaka mingi huota vinundu, na baadhi ya vinundu hivyo huacha kutii pituitari. Vikikosa iodini hunyamaza. Vikipewa, hutoa homoni bila kipimo. Waathiriwa wengi ni watu wa makamo na wazee, yaani hao hao ambao moyo wao na mifupa yao havistahimili ziada.

Hakuna aliyeshauri chumvi iachwe. Faida yake kwa watoto ambao hawajazaliwa ni kubwa kupita hasara hiyo, na ziada ya namna hiyo hupungua kadiri kizazi chenye marovu ya zamani kinavyopita. Kilichorekebishwa ni kipimo: mwaka huo huo wa 1996 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza miligramu 20 hadi 40 za iodini kwa kila kilo ya chumvi kiwandani, ili mtu mzima apate mikrogramu 150 kwa siku. Kwa zahanati za mlimani lilibaki jambo la kawaida sana. Mzee anayekuja akilalamika kwamba moyo unamwenda mbio, anakonda na mikono inatetemeka, pamoja na kusikilizwa kifua, apapaswe na shingo, na aulizwe iwapo alikuwa na rovu tangu ujana wake.